Mwenyekiti na Amri ya Kufuta

Shoga uko wapi? Bado siamini.

Si unajua leo kamati ya ile lugha ya programu tunayosoma ilikuwa inaamua kama amri zake za hifadhidata zitoke kwenye majaribio ziwe rasmi? Mwalimu wetu wa jioni aliingia mkutanoni kwa simu, sisi tumemzunguka darasani. Alikuwa na neno moja tu: amri ya kufuta, ukisahau kuipa sharti la nini kifutwe, inafuta jedwali zima la taarifa. Ikishapitishwa haibadilishwi tena, na hospitali anakofanya kazi wataitumia kwenye taarifa za wagonjwa.

Mwenyekiti, kwa kuogopa kelele, akawazimia wote vipaza sauti. Halafu akauliza, "Kuna anayepinga?"

Kawazima, halafu anauliza!!

Mwalimu anapiga kelele mpaka mishipa ya shingo imemtoka. Mwenyekiti anatabasamu: "Nashukuru kwa umoja wetu. Kuanzia leo amri zote ni imara."

Imara! Labda kama ile meza yetu iliyofungwa kamba.

Alipowafungulia, mwalimu akamweleza yote. Unajua kajibu nini? "Dada yangu, ungesema mapema."

Ungesema mapema!

Mwalimu kaweka simu chini. Mimi nimepiga magoti palepale nikamwombea mwenyekiti kwa moyo wangu wote: Ee Mola, mjalie awe wa kwanza kuitumia hiyo amri ya kufuta, tena kwenye kazi zake mwenyewe.