Nilivuta Uzi wa Kupimia Uvimbe wa Paka Wetu

Mama Nyota, mimi ni musomaji wako wa siku mingi, lakini ni mara ya kwanza nakamata bic kukuandikia, na mbele ya yote nakuomba kitu moja: unijibu hapa kwa gazeti, usisome barua yangu kwa radio, juu bwana yangu macho yake haione tena maandiko lakini radio anaisikiliza toka asubui mpaka jioni, na hii mambo yote iko juu yake, na juu ya paka, na juu ya uzi moja tunaitundika kwa musumari chini ya calendrier. Utasema huyu mama amerukwa na akili. Bon, nisikilize kwanza.

Bwana yangu nitamuita Papa Télesphore, hapana jina yake ya kweli. Yeye ni mutu ya Butembo, mucommerçant ya maharagwe na mchele, mimi ni mutoto ya muto, wazazi wangu walikuwa wavuvi ya Yanonge, tumeoana miaka makumi tatu na moja na tunaishi hapa Mangobo, dépôt ya magunia iko mbele, nyumba iko nyuma. Kwa ile dépôt tuko na paka moja dume, jina yake Douane, kama forodha ya mupaka, juu hakuna gunia inaingia bila yeye kuikagua, na miaka tisa sasa ndio analinda mali yetu na panya. Tangu macho ya Papa iharibike, Douane ndio rafiki yake, anamulalia kwa magoti siku muzima, na mimi niko pale pembeni nafanya kazi ya batu wawili, nachagua maharagwe, napika, nafua, namushika mukono Papa mpaka kwa choo, halafu wateja wananiuliza Mama mbona hauchekaka tena. Nicheke na nguvu gani? Nimechoka, Mama Nyota, nimechoka mpaka usingizi yenyewe inanichosha.

Donc, kisha Noeli Papa alikuwa anamupapasa paka, akasikia kitu chini ya ngozi, kwa mbavu, nyuma ya mukono ya mbele, ukubwa ya yai ndogo. Mimi niliigusa, laini, inateleza chini ya kidole, na paka hata jicho hakufungua. Nikasema hiyo ni mafuta tu, Douane amenenepa, kila mutu anayepita anamutupia kichwa ya samaki. Papa akakataa, akasema uvimbe ni uvimbe, na akasema mutu asimuletee kisu hapa, juu kwao wazee walisemaka uvimbe ikionja kisu inakasirika na inatawanyika mwili muzima. Akaniambia nimuite Mama Josée, ule anauzisha majani ya dawa kwa soko, na Mama Josée akatupatia kongobololo, yale majani machungu, tuyaponde, tuyapashe moto na mafuta ya mawese, tumukande nayo paka asubui na jioni namna tunakandaka mama amezaa. Tumukande, anasema. Ya kukanda ilikuwa mimi, na mikono yangu mpaka leo iko na alama ya makucha.

Alors, Papa Télesphore hanunuaka gunia bila kuchoma ile chuma ndani na kutoa punje kidogo za kuonja. Akasema dawa pia inaonjwa. Kila Jumapili kisha misa yeye alikuwa anashika paka kwa magoti, mimi nazungusha uzi ya nyavu kwa ule uvimbe, nikianzia kwa kichwa ya uzi, na penye inakutana napiga fundo, halafu namupa uzi na yeye anaifuata na kidole gumba, juu kwa macho haiwezekane. Fundo ikikaribia kichwa ya uzi, uvimbe umepunguka. Jumapili ya kwanza, ya pili, ya tatu, uzi ilikutana palepale, na kila mara Papa alirudisha uzi kwa mukono yangu, na kisha ile ya tatu akakataa kula siku mbili. Sikuelewa kwa nini paka anamuumiza roho namna ile. Nilisema tu maskini, amebaki na huyu rafiki moja.

Jumapili ya ine, Mama Nyota, nilivuta uzi. Mutoto ya wavuvi, vidole vyangu inajua namna ya kukaza uzi bila mutu kuona, na ule uvimbe ni laini, ukikaza kidogo inaingia ndani. Fundo ikaanguka mbele ya ile ya kwanza, upana wa ukucha. Papa akaifuata na kidole, akairudilia, halafu akacheka, akaniomba fufu na pondu, akakula sahani mbili. Nani angeweza kumunyanganya ile furaha? Jumapili ingine nikavuta tena, zaidi kidogo. Nikavuta Jumapili saba.

Ile ya saba, kisha kuhesabu mafundo yake, alifungua vifungo ya shati, akakamata mukono yangu, akaipeleka chini ya taya yake, upande wa kushoto. Kulikuwa na kitu pale, ngumu kama koko ya ngazi, ile mbegu ya mawese, haiende huku wala kule. Akaniambia: "Niko nayo tangu Octobre. Sikukuambia, juu uko na muzigo ya kutosha. Nilisema tuonje dawa kwa Douane kwanza, ikikataa nitaenda hôpital. Sasa umeona wewe mwenyewe inafanya kazi. Nikande na mimi."

Sasa ni wiki tatu ninamukanda bwana yangu na kongobololo. Pantalon yake inaanguka, nimeongeza tundu mbili kwa mukaba. Nikisema twende hôpital, ananyosha mukono kwa calendrier, anashusha uzi, ananishikisha mafundo na kuniuliza kama nimesahau, na ile uongo ni ya kwangu mwenyewe, nitamujibu nini? Nikimuambia kweli, Mama Nyota, mimi ndio macho yake. Ananiuliza maharagwe hii iko safi, ananiuliza mvua inakuja, anaamini yote ninasema. Kama macho yake imemudanganya miezi mbili, ataamini nani tena? Na paka naye analamba mawese, anatapika, manyoya imetoka penye tunakanda, uvimbe iko palepale.

Nakuomba unisaidie. Kama kuko majani ya kweli, ao chakula, ao kitu yoyote ya asili inayeyusha mafuta ya paka, unitajie, nitaitafuta hata ngambo ya muto, ili uongo yangu ikuwe kweli. Ao unionyeshe namna ya kumufikisha Papa hôpital bila yeye kujua habari ya uzi.

Mimi,
Mama wa Uzi, Mangobo

*

Mama wa Uzi,

Kwenye redio sikuisoma, tulia. Nimeisoma mwenyewe mara tatu, na mara ya tatu niliiweka chini nikatoka kutembea kidogo. Barua za majani ninazipata kila wiki, nami pia huwa nachoka. Hii yako imenichosha kwa namna nyingine.

Nianze na Douane, maana katika nyumba hiyo ni yeye peke yake asiye na shida kubwa, na nyinyi wawili mnamtafutia. Nilimpigia simu daktari Franck, anayechanja mbwa dawa ya kichaa, nikamsomea maneno yako. Alisema uvimbe laini, unaoteleza chini ya ngozi na usiouma, mara nyingi ni mafuta tu, kama ulivyosema wewe mwenyewe siku ya kwanza. Lakini kwa paka usiamini vidole peke yake. Mpeleke, amchome sindano nyembamba, avute kidogo, aangalie. Ni jambo la dakika chache na halina kisu.

Kuhusu majani ya kuyeyusha mafuta, hayapo. Nakuambia hivyo bila kuzunguka, kwa sababu nimesikia ulivyoomba, na najua ungevuka mto kweli. Si kongobololo, si tangawizi, si mawese, si maji ya moto. Paka analamba kila kitu unachompaka, kwa hiyo miezi yote hii hukuwa unamkanda, ulikuwa unamlisha dawa chungu kwa mafuta, na ndiyo maana anatapika. Acha leo. Mwoshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo. Akiendelea kutapika au akikataa chakula siku nzima, usingoje, mrudishe kwa Franck.

Unataka njia ya asili? Ipo, ila haina maajabu. Wakataze wapita njia kumtupia vichwa vya samaki. Mpunguzie chakula polepole, usimshindishe njaa, kwa sababu paka mnene akikaa siku kadhaa bila kula ini lake linaharibika. Mwache afukuze panya kama zamani, badala ya kushinda magotini. Mguse uvimbe mara moja kwa mwezi. Uvimbe ukiwa mgumu, ukikua haraka, ukitoa kidonda au ukimfanya achechemee, mrudishe kwa daktari. Usipobadilika, mwacheni nao. Anaweza kuzeeka nao vizuri tu.

Sasa tuje kwako, na hapa nitakugombeza. Ulivuta uzi mara ya kwanza kwa huruma, nami sikulaumu, pengine hata mimi ningeuvuta. Jumapili saba ni kitu kingine. Na hizi wiki tatu, tangu ulipoushika ule uvimbe kwa mkono wako, unamkanda mume wako kwa dawa ambayo wewe ndiye mtu pekee duniani unayejua kwamba haikufanya kazi. Mama Josée hajui. Papa Télesphore hajui. Unajua wewe, na unaendelea kuponda majani. Kitu kigumu, kisichosogea, kilichokaa tangu Oktoba, na suruali inayoanguka: sijui ni ugonjwa gani, wala wewe hujui, na ndiyo sababu anatakiwa hospitali haraka. Mwambie pia kwamba hawaanzi na kisu. Watamgusa, watamuuliza maswali, watachukua damu, pengine watavuta kidogo kwa sindano. Yapo magonjwa ya namna hiyo yanayotibiwa kwa vidonge. Lakini hakuna daktari anayeweza kutibu kitu ambacho hajaonyeshwa.

Umeniomba njia ya kumfikisha huko bila kumwambia habari ya uzi. Sina, na ningekuwa nayo nisingekupa. Uzi huo ndio unaomshikilia nyumbani. Usipoukata wewe, ataushusha kila siku na kukuonyesha mafundo yako mwenyewe.

Unaogopa hatakuamini tena. Inawezekana atakasirika, na atakuwa na haki. Lakini mama, mwangalie na yeye. Alikaa na uvimbe shingoni miezi mingapi, akala mezani kwako, akalala kitandani kwako, akafunga kola ya shati ili usijue, kwa sababu una mzigo wa kutosha. Yeye alikuficha ugonjwa, wewe ukamficha uzi, na kila mmoja alimwonea mwenzake huruma. Mmehurumiana mpaka mnakaribia kuuana. Mkumbushe hilo akianza kukulaumu, kwa sauti ya chini, halafu mwache aongee mpaka amalize.

Na wewe upumzike. Kwenye jumuiya yenu ya kanisa hakosekani mama mmoja wa kukaa dépôt asubuhi mbili kwa wiki. Hujamwomba mtu, ndiyo maana wanakuuliza tu kwa nini hucheki tena. Waombe. Miaka thelathini na moja ya ndoa haikukuapisha kubeba kila kitu kimya.

Gazeti hili litakufikia Ijumaa. Jumapili, baada ya misa, kaeni pale pale mnapokaa siku zote, yeye na paka magotini. Usishushe uzi. Mwambie kwanza ulichofanya, kwa maneno machache, bila kulia kabla hujamaliza. Akikuambia kwamba majani bado yanaweza kumfaa, mjibu kwa kazi yake mwenyewe: tangu lini alichoma chuma kwenye gunia la mchele ili ajue hali ya maharagwe?

Kisha usibishane naye tena. Shika mkono wake, uweke vidole vyake kwenye uvimbe wa Douane, avisogeze huku na huku, ausikie ulivyo laini na unavyokimbia. Halafu chukua vidole vile vile, uviweke chini ya taya yake. Wewe nyamaza. Ni mtu aliyechagua maharagwe kwa vidole maisha yake yote, na hapo hatahitaji macho ya mtu. Akishaelewa, mfunge vifungo vya shati, na Jumatatu asubuhi mfunge mlango wa dépôt mwende.