Suruali ya Gasana Zizini

Jumatatu, 5 Machi 1984
Ng'ombe wangu Bihogo kanipiga teke nikimkamua. Maziwa yote chini. Mkono wa kulia umevimba. Naandika na wa kushoto, lakini naandika. Wazee wengine hapa kambi ya wakimbizi Nakivale wanatia dole gumba tu. Mimi nilifundishwa na jeshi la Mwingereza.

Jumanne, 6 Machi
Mkono bado. Bihogo analia, kiwele kigumu kama jiwe. Nimemwita jirani Kamanzi aje kukamua. Hakuja. Bure kabisa.
Jioni nasikia maziwa yanalia kwenye chombo. Naenda zizini. Konsolata, mke wa mwanangu Gasana! Amechuchumaa, chombo katikati ya magoti, magoti yote nje. Kwetu Rwanda mwanamke hakamui ng'ombe. Haijatokea. Nikamwambia ajifunike, aibu gani hii.
Maziwa yake sikunywa. Nimelala na njaa. Njaa hainiwezi.

Jumatano, 7 Machi
Amejifunika. Amevaa suruali ya Gasana! Na mkanda!
Kamanzi amesimama kwenye ua wake, anashika mbavu kwa kucheka. "Mzee, kijana wako amerudi kutoka Mbarara?"
Nilimfokea Konsolata. Hakugeuka hata. "Baba, wewe unakamua shuka imepanda kiunoni. Mapaja yako tunayajua sisi wote, mpaka wageni."
Mkamwana kutaja mapaja ya baba mkwe! Nikatoka zizini. Mimi, niliyetetemesha kombania nzima. Mapaja yangu ni ya mwanamume. Hayana aibu.
Kesho naenda Mbarara. Gasana amrudishe kwao. Nimemaliza.

Ijumaa, 9 Machi
Nimerudi. Kwenye kizuizi cha barabarani niliwapigia askari saluti ya zamani. Wakanipitisha kwanza.
Gasana amepanga chumba mtaa wa Kamukuzi. Mlango umefunguliwa na mwanamke. Kucha nyekundu, gauni juu ya magoti, mimba mbele. Ananiita baba. Gasana haoni haya. Nikala matoke yake na nyama. Tamu sana. Mwanamume ni mwanamume, sikuuliza kitu.
Nikatoa mashtaka yangu. Magoti, suruali, mapaja. Hakungoja nimalize.
"Mfukuze, baba. Mwambie nimesema mimi."
Nilichofuata nimepata. Upesi mno. Nikaweka nyama chini.
"Na Bihogo atakamuliwa na nani?"
"Muuze."
Auzwe! Ng'ombe ambaye bibi yake nilivuka naye mpaka wa Rwanda kwa miguu, nikimnywesha kabla yangu. Nimezaa mpumbavu. Mpumbavu mwenye viatu vya kung'aa.

Jumamosi, 10 Machi
Asubuhi nimekwenda kumwambia Konsolata afunge mizigo. Alikuwa zizini. Suruali ile ile. Naichukia.
Ndama anavuta, Bihogo anarusha miguu, yeye peke yake katikati.
"Gasana hajambo, baba?"
"Hajambo."
"Amesema nini juu yangu?"
Nikatazama mkono wangu. Uvimbe haujashuka.
"Hana maneno."
Akanitazama kidogo, akachuchumaa tena. Nikamshika ndama kwa mkono wa kushoto. Kazi ya watoto. Kamanzi alikuwa kwenye ua wake, akapiga kelele kwamba mzee siku hizi amekuwa msaidizi. Nikamwacha apige.
Bihogo akatulia. Chombo kikajaa.
Leo nimekunywa. Povu lilikuwa bado la moto.