Zamu ya Mama Jillo

Jumatatu, 3 Novemba
Neema kanyonya, kalala. Nimefungua kompyuta ya kikundi kama kila asubuhi. Tovuti ya mashine yetu ya kukoboa mpunga inaenda vizuri. Akina mama wanajiandikisha kwa simu, yenyewe inapanga zamu. Mjane na mwenye mtoto mchanga hawapangi foleni. Ni desturi yetu, na mimi ndiye niliyeifundisha tovuti. Mimi wa darasa la nane!
Fremuweki, ule msingi wa programu uliobeba tovuti, imeleta toleo jipya. Hiyo ni kazi ya watu wa mbali, mimi najenga juu yake. Nimebonyeza. Imekubali.

Jumatano, 5 Novemba
Mvua tangu alfajiri. Mama Jillo, mjane wa kijiji cha Ngao, alileta magunia yake juzi kwa bodaboda. Tovuti ikamweka mwisho. Niliona. Nikadhani labda wajane ni wengi. Sikuuliza.
Magunia yamelala nje yakingoja zamu, na turubai lake lina matundu. Mpunga umelowa wote.
Akaniuliza mbele ya watu: "We mwanangu, simu ndiyo imenisahau ama ni wewe?" Wakacheka. Nikasema ni mtandao. Uongo mtupu.

Alhamisi, 6 Novemba
Nimeona kosa. Mistari yangu ya wajane na wanaonyonyesha niliichomeka ndani ya faili za fremuweki yenyewe. Toleo jipya likaja na faili zake, yangu ikafutika. Imebaki sheria yao: aliyewahi kujiandikisha ndiye wa kwanza. Yaani mwenye simu nzuri.
Fremuweki haina kosa. Haimjui mjane.
Kahindi aliyetufundisha kompyuta alisema, "Dada, usiandike yako ndani ya yao." Niliitika. Lakini siku ile Neema alikuwa analia, na faili zao ndizo zilikuwa karibu.
Nisimsingizie mtoto. Ni mimi.

Ijumaa, 7 Novemba
Mpunga wa Mama Jillo umechipua guniani. Ndio ulikuwa chakula chake mpaka mavuno mengine. Kuku wanakula.

Jumapili, 9 Novemba
Kanisani sikusikia mahubiri. Tulipotoka nikamwambia Mama Jillo ukweli wote. Akanijibu: "Hayo mafaili siyajui. Mpunga naujua."
Akaenda zake.

Jumanne, 11 Novemba
Nimetenga. Desturi yetu sasa ina folda yake, haina habari na fremuweki. Nimeijaribu peke yake, bila tovuti hata. Nikaipa majina matatu, ikamtoa mjane mbele. Fremuweki kazi yake ni kuja mlangoni kuuliza: nani anafuata? Inajibiwa. Basi.
Kahindi kaangalia. "Sasa umejenga, dada."
Zamani ningeruka kwa furaha.

Ijumaa, 21 Novemba
Toleo jipya tena. Neema mgongoni anacheka, hajui kitu. Nikaweka nakala kwanza, ndipo nikabonyeza.
Wajane wako mbele. Wanaonyonyesha wako mbele. Haikufutika hata herufi.
Nimelia kidogo. Labda nitaweza hii kazi.

Jumamosi, 22 Novemba
Mama Jillo amekuja leo. Jina lake juu kabisa. Watu wakampisha.
Alikuwa na beseni moja, la mpunga uliobaki nyumbani. Mashine iliwaka, ikamaliza.
Nimemsindikiza hadi barabarani. Yeye kambeba Neema, mimi nikabeba beseni. Lilikuwa jepesi.