Papa, Ulinijua kwa Sauti Tu

Mpendwa Papa,

Unakumbuka tulivyobishana barazani kwetu, mtaa wa Bertrams, Jumapili baada ya ibada, kelele za uwanja wa mpira zikitufikia? Nilikuwa nimeanza kazi ya kuandika programu za kompyuta kule Sandton, nikijiona najua kila kitu. Nikakuambia kuamini ni hesabu tu: habari zinaingia, ubongo unakokotoa, jibu linatoka. Mashine ikikokotoa vilevile, nayo itaamini. Ulicheka mpaka chai ikakupalia.

"Hesabu haitoki jasho, binti yangu. Mimi nikiamini kitu, hata tumbo linajua."

Kisha kiharusi kikakupata. Ulirudi kutoka hospitali ukitembea, ukiongea, ukikumbuka kila duka la vitambaa Fordsburg. Mimi tu ndiye uliyenikataa. Nilikuletea uji, ukanikazia macho. "Unafanana na binti yangu sura yote. Lakini weye haiko yeye."

Nilikimbilia uani nikilia, nikakupigia simu nikuulize nimekukosea nini.

"Binti yangu!" Nilikusikia hata kupitia dirishani. "Uko wapi? Kuna mwanamke humu nyumbani, amevaa hata koti yako!"

Daktari alisema macho yako ni mazima na sura yangu bado unaikumbuka. Kilichokatika ni kanjia kadogo kichwani, kale kanakoleta joto la moyo unapomwona mtu wako. Uliona sura yangu, joto halikuja, ukahitimisha kwamba nimeigizwa. Sauti yangu ilikuwa na njia yake nyingine, nayo ilipona.

Papa, niliwaza sana juu ya hilo. Hesabu yako haikuwa na kosa hata moja. Kilichokosekana ni mwili kukubali. Nikiwa kazini, mashine yetu ya kujibu maswali ikimwandikia mteja "nakuelewa", sasa nasita. Sijui bado kama inaelewa. Pengine na hilo joto ni hesabu, ila ya damu na nyama.

Kwa miezi tuliishi hivyo: jikoni mgeni, kwenye simu mwanao. "Eish, huyo mwanamke anazidisha chumvi," ulinishtakia. Nikapunguza.

Wiki yako ya mwisho nilikuwa nakufunika miguu. Nilipogeuka kuchukua simu niende uani, ulinishika mkono.

"Sijui wewe ni nani," ulisema. "Lakini usiende."

Nikakaa.

Lala salama, Papa. Wajukuu zako waliozaliwa huku wanakusalimu kwa Kizulu chao.

Ni mimi,
Binti yako