Waliolala Upande wa Mtaroni

Kisimatamu, Unguja
14 Novemba 2024

Kaka yangu Mansour,

Assalamu alaykum warahmatullah. Shikamoo. Namuomba Mungu barua hii ikukute mzima, sukari imeshuka, na wifi Zuleikha ameshapona lile bega alilokuwa akililalamikia tangu Ramadhani. Watoto wote nawabusu, na yule mdogo mwambie shangazi yake ameipata picha yake na ameibandika jikoni. Sisi huku hatujambo. Mvua za vuli zimeanza kwa fujo, ukuta wa uani umekunywa maji, na goti langu linanisumbua nikipanda ngazi. Lakini tangu nistaafu kusomesha napata usingizi wa mchana, na hilo nalishukuru.

Utajiuliza kwa nini nnakuandikia kwa kalamu na simu ipo. Kwenye simu utaniingilia kati, nami nina maneno ambayo sitaki yakatwe. Barua nampa Maisara wa duka la vitambaa, anasafiri kuja Maskati Jumapili, atakupa mkononi. Isome ukiwa umekaa.

Najua Abdulrazak ameshakupa habari za barabara na makaburi. Yeye ni rafiki yako tangu mlipokuwa mkisoma chuoni pamoja, na siku hizi ndiye mwenyekiti wa kamati ya makaburi ya Kisimatamu. Amekupa habari zake. Hizi ni zangu.

Barabara ya kutoka mjini inapanuliwa, kaka. Ilipofika kwetu ikakwama, kwa sababu mkono mmoja ni makaburi na mkono wa pili ni fremu za maduka, na sita katika fremu hizo ni za Abdulrazak. Lazima upande mmoja upungue. Bwana wa barabara, mhandisi kijana mwenye adabu zake, akamwambia sheha kwamba yeye hataki ugomvi na wafu wala na walio hai. Akataka aandikiwe nani wamelala pale. Kaburi lenye mtu anayejulikana na lenye warithi wa kulisemea halitaguswa. Yaliyobaki yatahamishiwa kwengine kwa heshima zote.

Kamati ikaja kwangu, mwalimu mstaafu mwenye mwandiko mzuri, niwaandikie orodha ya watu mashuhuri. Nikafurahi, sikufichi. Nikawapikia chai ya mkandaa, isiyo na maziwa, na kuwatolea kaimati. Abdulrazak akanitajia majina kumi na moja: kadhi, sheikh aliyetusomesha sote, nahodha, karani mkuu wa bandari, yule mchezaji mpira wa timu yetu ya zamani, na wengine wa namna hiyo. Nikaandika. Watu wema wote, Mungu awarehemu. Lakini nilipotazama niliyoyaandika, nikaona wote wamelala upande wa msikitini, mbali na barabara. Nikauliza, na upande wa mtaroni?

Abdulrazak akajibu kwamba upande ule hakuna mtu.

Nikamwambia, “Kama hakuna mtu, miaka yote hii tulikuwa tukizika nini?” Akacheka, akaomba chai nyengine.

Unaujua upande wa mtaroni, Mansour. Ndiko walikozikwa wachukuzi wa bandarini, wachumaji karafuu waliokuja kutoka bara na hawakurudi, na wale waliokufa mwaka wa kipindupindu. Na ndiko aliko Bi Kidawa, mama yake mama yetu. Kamati ilishakubaliana kuutoa upande huo wote. Orodha yangu ilikuwa ya kuzilinda fremu, na mimi nilikuwa nikiiandika kwa hati nzuri.

Siku ya pili nikaenda kwa Bi Kazija. Unamkumbuka, binti wa Mzee Duni. Ana miaka themanini na nane, miguu imekwisha lakini akili bado kali. Nikamuuliza kama anayajua makaburi ya mtaroni. Akanijibu kwamba kitu anachokisahau siku hizi ni kama ameshakula, wafu wake hajamsahau hata mmoja. Basi tukamsukuma kwenye kiti chake cha magurudumu, mimi na Khairat, yule dada yake Abdulrazak. Ndiyo, dada yake khasa. Bibi mmoja akatupigia kelele njiani kwamba wanawake hawaingii makaburini. Nikamwambia tunakwenda kusoma fatiha na kuandika majina, na mwenye kutaka kutuzuia aje atushike. Hakuja mtu.

Bi Kazija alihesabu kutoka kwenye mti wa mkungu. La kwanza, akasema, ni baba yangu. Kaka, hivi unajua kwamba Mzee Duni ndiye aliyechimba kile kisima? Mtaa mzima unaitwa Kisimatamu kwa kazi ya mikono ya mtu mmoja, na mtu huyo analala bila hata kipande cha ubao, mita tatu kutoka kwenye maji machafu ya mtaro. La nne ni Bi Ulfat, mshoni, aliyewafundisha wasichana kusoma barazani kwake huku wakitia vifungo, wakati wazazi wao hawataki kusikia habari ya skuli. Katika hao mmoja ni mama yetu. Nilipoambiwa hivyo kalamu ilinisimama, kwa maana mimi herufi nilifunzwa na mama, na sikuwahi kumuuliza yeye alifunzwa na nani.

La saba ni Bi Kidawa. Bi Kazija alituomba tusimamishe kiti pale. Kisha akanihadithia mwaka wa kipindupindu, watu walipokuwa wakiwakimbia jamaa zao wenyewe, Bi Kidawa alivyofunga kanga kiunoni akaingia nyumba kwa nyumba kuwaosha wanawake na watoto waliokufa. Bi Kazija alikuwa akimtilia maji. Aliosha kumi na tisa. Hakuna aliyemtuma, wala mwengine aliyewasaidia kubeba ndoo. Na kabla ya hapo, kwa miaka thelathini, mikono hiyo hiyo ndiyo iliyokuwa ikiwapokea watoto wa mtaa wanapozaliwa. Wewe ulitanguliza miguu, Mansour. Mama mwenyewe alisema kwamba kama si mama yake, usingekuwapo.

Nikaandika majina thelathini na mawili. Makaburi mawili mengine tulishindwa, Bi Kazija alijua tu kwamba ni wanaume, wachukuzi, walikufa mwezi mmoja.

Mkutano ulikuwa Jumamosi baada ya alasiri, uani kwa sheha. Wanaume mbele, sisi kibarazani nyuma. Mhandisi alikuwepo na ramani zake. Abdulrazak akasoma yale majina kumi na moja, akafunga karatasi. Nikasimama nikasema orodha haijesha. Akaniambia kwa upole, kama anavyoambiwa mgonjwa, kwamba mambo ya makaburi si ya wanawake. Nikamwambia, “Tunawaosha, tunawashonea sanda, tunawalilia. Tukitaka kuwataja ndiyo iwe si mambo yetu?” Nikasoma yote thelathini na mawili, polepole, kama nilivyokuwa nikisoma mahudhurio darasani.

Hapo ndipo alipokupigia simu. Alisema kila kaburi lazima liwe na mrithi mwanamume wa kulisemea, na kwa kuwa Shemsa anamtaja bibi yake, basi tumsikie kaka yake. Hukujua, na kwa hilo nakusamehe, kwamba aliiweka simu juu ya meza na sauti akaifungua. Akakuuliza kama familia yenu ina mtu upande wa mtaroni. Kisha watu sitini wakakusikia ukisema:

“Upande ule sisi hatuna mtu. Wetu wote wako msikitini.”

Bi Kazija alikuwa amekaa kando yangu. Alinishika mkono, akaubana.

Najua kwa nini ulisema vile. Wakwe zako umewahadithia ukoo wa baba tu, na binti yako anaolewa mwakani katika nyumba yenye majina. Bi Kidawa, aliyeanza kwa kuchuma karafuu Kizimbani, mjukuu wa mtu asiyejulikana alitoka wapi, haingii vizuri katika hadithi hiyo. Najua. Lakini pale nilipokuwa nimesimama, kujua hakukunisaidia kitu.

Abdulrazak akauliza kama nimeridhika. Nikamwambia bado, nina suali moja kwake. Nikamuuliza yeye alipozaliwa alipokewa na nani. Akasema mambo hayo hayahusiani na barabara. Ndipo Khairat, dada yake, ambaye katika maisha yake sijawahi kumsikia akisema mbele ya wanaume, akasema kwa sauti kutoka kibarazani: “Ni Bi Kidawa. Ulitoka umejizonga kitovu, hulii, akakupulizia mdomoni mpaka ukalia. Mama katwambia hayo mpaka siku anakufa, na wewe ulikuwa ukisikia.”

Kisha mzee mmoja, dereva wa zamani wa gari la mkaa, akasema yeye pia. Mwengine akasema wanawe watatu. Mwengine akasema mama yake alioshwa na Bi Kidawa mwaka ule, na yeye akiwa mtoto alichungulia mlangoni. Mhandisi akachukua daftari langu, akaliangalia ukurasa kwa ukurasa, akaniuliza nani atawasemea watu hawa. Nikamjibu mimi, Shemsa, nipo, naishi nyumba ya tatu kutoka kisimani. Na Bi Kazija akasema yeye. Na Khairat.

Walipima upya. Mtaro utafunikwa zege na gari zitapita juu yake, na vibaraza vya fremu vitakatwa hatua mbili. Ukuta wa makaburi unabaki ulipo, isipokuwa pembeni, kule walikolala wale wachukuzi wawili. Jina hatukulipata, warithi hakuna, na kona ile ilihitajika. Walihamishwa Jumatatu asubuhi. Nilisimama nikatazama mpaka mwisho, na nilitoka pale nimeshindwa, asikwambie mtu vyengine.

Sasa nakuja kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu.

Tangu mkutano ule watu wananisifu. Wananiita mjukuu wa kweli, na wewe wanakusema. Nimevumilia wiki mbili, siwezi tena. Sikiliza. Mwaka wa kwanza nilipokuwa chuo cha ualimu, naishi bweni, Bi Kidawa alikuja siku moja kwa miguu kutoka huku, kanga zake zile zilizochakaa, ameniletea mkate wa kumimina ndani ya bakuli la bati. Nilikuwa nimekaa na wasichana wa mjini, wenye majina. Wakaniuliza, nani yule? Nikasema ni mfuaji wetu.

Alikuwa karibu, kaka. Alisikia. Wasichana wakamgeukia, na yeye akawaangalia, akatabasamu, akasema, “Naam, mimi ndiye nnayewafulia.” Akaliweka bakuli chini, akaniambia nile mkate ungali na moto, akarudi alikotoka. Hakuja tena chuoni. Nyumbani hakunitajia hata siku moja, wala hakunipunguzia mapenzi. Alikufa miaka miwili baadaye, na mimi sikumwomba radhi. Nilingoja nipate maneno mazuri.

Kwa hivyo usidhani nnakusema kutoka juu. Mimi nilimkana uso kwa uso, na yu hai. Wewe umemkana kwa simu, na yeye hasikii. Langu ni kubwa kuliko lako. Tofauti yetu ni kwamba mimi nina miaka arubaini ya kuujua moto wa kumkana mtu wako, na wewe nakuonea huruma kwa sababu ndiyo kwanza unauanza.

Lakini huruma haitanifanya nirudi nyuma. Kibao kimesimama tangu Ijumaa, karibu na mkungu, kimeandikwa kwa mkono wangu kwa rangi nyeusi. Mzee Duni yumo, Bi Ulfat yumo, wote wamo. La saba linasomeka hivi: Kidawa binti Mabrouk, mkunga na muosha maiti. Wajukuu wake, Shemsa na Mansour. Ndiyo, nimekuandika. Sikukuomba ruhusa na siombi sasa. Abdulrazak alinijia akaniambia hutapenda, nikamwambia aangalie lake na langu aniachie.

Likikuchoma jina lako, usimtume mtu alifute, wala usinipigie simu kunililia habari za wakwe. Kata tiketi, uje na rangi yako na brashi yako, ulifute mwenyewe, mchana kweupe, Bi Kazija akiwa amekaa pale kwenye kiti chake anakutazama. Mimi sitakuzuia. Nitakushikia kopo.

Wifi Zuleikha nisalimie sana, na umsomee barua hii yote, usiruke mahali. Bibi harusi mwambie kanga zake za doti kumi nimeshazinunua, na namwombea ndoa yenye kheri. Bi Kazija anakusalimu. Amesema anakumbuka ulivyokuwa ukiogopa kuku. Khairat naye anakusalimu. Dawa zako usiache, na chumvi punguza. Chumba chako cha juu nimekipiga chokaa.

Wassalam.

Nduguyo akupendaye,
Shemsa