Honi ya Pikapu Imefufuka

Baba watoto,

Chakula kiko jikoni, kipashe tu. Mvua ikianza, anua nguo. Pikapu nimeondoka nayo.

Ndiyo, hiyo hiyo kuukuu. Miaka miwili unapiga mlango wake kwa kiganja na kupaza sauti dirishani ili watu wakupishe. Nikiuliza, unanijibu, "Honi imekufa. Mambo ya gari niachie mimi." Imekufa wapi! Asubuhi hukuwa umeamka, nikachomoa waya wa betri, nikabandua kifuniko cha katikati ya usukani. Kibati cha kupitisha umeme kilishika kutu, na springi ya kitufe ilikatika. Kutu nimeisugua kwa msasa, springi nimepata nyingine. Nilipobonyeza, kuku wa jirani walitawanyika. Wewe uligeukia ukutani, ukaendelea kukoroma.

~~Usimwambie mtu, nisikuaibishe.~~ Mwambie kila mtu, ukianza na mdogo wako fundi, aliyetaka tununue usukani mzima.

Samahani kwa mwandiko wa penseli. Ile kalamu yako ya kubonyeza haibonyezeki tena. Springi yake iko kwenye honi.

Jioni ukisikia honi getini, usiulize ni nani. Njoo umfungulie fundi.

Mkeo