Chemchemi Aliyoitilia Sahihi Bwana Simiyu

Sirisia,
Jumapili mchana.

Kwako Baba,

Pokea salamu za binti yako. Mwili ni mzima, ila kisigino kimechubuka kwa kutembea na viatu vya mvua. Nyinyi huko Kitale mmeamkaje? Mgongo wako umeachilia kidogo, au bado unainama ukishika kiuno? Mahindi nayo, mmemaliza kupalilia mara ya pili?

Barua yako nimeisoma mara tatu. Unasema Baba mdogo amekwambia kozi hii ya afya ya umma ni ya kudanganya watoto wa wakulima, ati mtu anakaa chuoni miaka minne kisha anatoka kukagua vyoo, hachomi sindano wala haandiki dawa. Unaniuliza kozi hii itanipeleka wapi, na kama kuna jambo ninalokuficha. Nitakujibu, Baba, lakini kwanza nikusimulie yaliyonipata huku.

Chuo kimenileta kwa mazoezi ya miezi mitatu, katika kituo cha afya kilicho upande wa kuelekea Lwakhakha. Mkubwa wangu ni Bwana Simiyu, afisa wa afya ya umma. Hapa watu humwita Bwana Afya. Tangu siku ya kwanza sikumwamini. Nikiingia ofisini anafunika makaratasi yake. Nikimuuliza swali anasema, "Tutaona," na hatuoni kitu.

Wiki yangu ya tatu watoto walianza kuletwa wakiharisha na kutapika, macho yameingia ndani. Siku ya pili msichana mmoja mdogo alikata roho kwenye benchi la nje, mama yake akiwa bado anampepea na leso, akidhani amelala. Mimi ndiye niliyekuwa nimekaa karibu naye. Sitaki kuandika zaidi juu ya hilo.

Kijiji kilikuwa kimeshapata mkosaji. Ni Mama Nafula, mjane anayeuza uji karibu na shule ya msingi. Walisema mumewe alikufa ghafla, na sasa amegeukia watoto wa watu. Wanaume walimwaga sufuria yake barabarani, wakang'oa mabati ya kibanda chake.

Bwana Simiyu akaniambia niende nyumba kwa nyumba nikaulize kila mgonjwa alikula nini, alikunywa nini, na maji yalitoka wapi. Nilienda na Mama Sitati, mhudumu wa afya wa kijiji. Mzee mmoja alitusimamisha mlangoni.

"Wewe ni wa wapi?"

"Kitale."

"Jina?"

"Wanjiru."

"Sasa Wanjiru wa Kitale anaandika majina ya watoto wetu ya nini? Ati ya serikali? Si useme tu mnatafuta mashamba, bana!"

Mama Sitati akamjibu kwa Kibukusu. Sijui alimwambia nini, lakini mzee alicheka, akatutolea viti. Si wote waliocheka. Kwa mama mmoja tulifungiwa mlango tukisikia mtoto akilia ndani, na tukarudi hapo mara tatu mpaka akafungua.

Siku ya nne nilitandaza karatasi zangu kitandani nikaanza kuona jambo. Watoto wawili wachanga, ambao hawajawahi kuonja uji wa mtu, walikuwa wagonjwa. Wajukuu wa Mama Nafula, wanaokunywa uji ule kila siku, walikuwa wazima. Mama Nafula huteka maji mtoni, na kwa kuwa haamini mto, huyachemsha. Nyumba zenye wagonjwa zote huteka kwenye chemchemi iliyojengewa simenti na kuwekewa bomba. Maji yake yanang'aa, Baba. Hakuna anayejisumbua kuyachemsha.

Nilipanda mteremko ulio juu ya chemchemi. Nyuma ya vyumba vipya vya kukodisha nikakuta choo cha shimo, udongo wake bado mwekundu. Nikarudi ofisini nikafungua faili. Chemchemi ilikuwa imepitishwa kuwa salama kwa watu kunywa. Chini kulikuwa na sahihi ya Bwana Simiyu.

Hapo ndipo nilipodhani nimemwelewa. Nikamwaza mwenye vyumba akimpa kitu mkononi. Nikadhani nimeelewa pia kwa nini anafunika makaratasi. Nilichota maji katika chupa ya maabara nikampelekea, nikimtazama usoni.

"Acha hapo," alisema. "Nitayapeleka Bungoma mwenyewe."

Hakuniangalia. Asubuhi iliyofuata sanduku la barafu halikuwepo, wala yeye hakuwepo. Karani akasema amekwenda mkutanoni. Nikajua chupa imemwagwa. Nikachota nyingine, nikaomba barafu kwa muuza soda, nikaondoka kwenda Bungoma bila ruhusa ya mtu.

Kijana wa maabara aliitazama chupa yangu, akasoma karatasi niliyoibandika.

"Si hii ni ile ile? Simiyu alileta jana jioni. Alikataa kwenda, tukamfukuza ndiyo tufunge. Si yule hapo, amerudi."

Nikageuka. Bwana Simiyu alikuwa amekaa mwisho wa ukumbi, kofia magotini. Aliiona chupa mkononi mwangu. Nilitamani sakafu inimeze.

"Ulifikiri nitamwaga," alisema nilipomkaribia.

"Ndiyo, mwalimu. Nisamehe."

"Nilipopitisha, choo hakikuwepo," akasema. "Lakini sikurudi kuangalia. Nilikuwa na eneo kubwa na pikipiki haina mafuta, na kila siku nikasema nitaenda. Makaratasi ninayokufunikia ndiyo hayo, ya mahali ambapo sijarudi. Hata mimi nimejishuku usiku na mchana. Kaa chini."

Tulikaa pamoja kungoja majibu. Nikamuuliza swali lako, Baba: kozi hii inampeleka mtu wapi? Alicheka kwa mara ya kwanza. Akaniambia mmoja aliyesoma naye yuko mpakani, anakagua wasafiri na vyakula vinavyovuka. Mwingine anachambua takwimu za magonjwa wizarani. Mwingine yuko kiwandani, kazi yake ni kuhakikisha wafanyakazi hawapumui sumu. Wapo wa mashirika, wapo wanaofundisha, wapo wa utafiti. "Na wapo kama mimi," akasema. "Mimi nikifanya kazi vizuri hakuna anayejua. Nikikosea, unaona."

Majibu yalitoka. Maji yalikuwa na kinyesi.

Chifu akaitisha baraza. Nilitegemea Bwana Simiyu azungumzie choo na mwenye vyumba tu, maana nani angejua ya faili? Alisimama akasema, "Chemchemi ile niliipitisha mimi. Sahihi ni yangu. Mama Nafula hana kosa lolote." Mtu mmoja akapaza sauti, "Kwa hivyo ni wewe uliua mtoto!" Hakujitetea. Alibaki amesimama pale mbele mpaka kelele zikaisha zenyewe, kisha akaanza kueleza jinsi ya kuchemsha maji.

Chemchemi imefungwa, choo kinafukiwa. Mama Nafula amerudisha mabati yake. Kila asubuhi mimi na Bwana Simiyu tunakunywa uji pale, na wiki ya kwanza tulikuwa sisi wawili tu. Jana walikuja wanafunzi wanne. Wapo akina mama ambao bado wanavuka barabara wakimwona.

Baba, ukurasa huu usimsomee Mama kwanza.

Tangu niliposimama juu ya chemchemi ile silali vizuri. Nawaza boma letu. Choo chetu kiko juu, kisima kiko chini, na kati yake hazifiki hatua kumi na tano. Nawaza Ndung'u wetu, mdogo wangu, alivyoharisha siku mbili akatutoka, na jinsi tulivyosema ni yale maziwa aliyopewa na Mama Khisa, jirani. Mpaka leo hatusalimiani naye. Ulipanda ua wa miiba katikati. Mimi mwenyewe nilimtemea mate njiani nikiwa darasa la sita, na hakuna aliyenikanya.

Sina hakika. Miaka imepita na hakuna chupa ya kupeleka maabara. Sikulaumu pia, kisima kile ulikichimba kwa mikono yako na sote tulikishangilia. Naomba tu utoke uhesabu hatua mwenyewe, na kuanzia leo maji yachemshwe, hata ya kupiga mswaki.

Hiki ndicho ninachosoma, Baba. Mwambie Baba mdogo ni kweli, ninakagua vyoo.

Nisalimie Mama, na Nyanya aliyenifunga kanga siku ya kuondoka, na kaka yangu anayekusaidia kukamua. Msalimie Baba mdogo bila kinyongo. Na ukiweza, pitia pale penye ua, umwambie Mama Khisa kwamba Wanjiru anamsalimu, na kwamba nikirudi nyumbani nitakuja kwake mimi mwenyewe.

Ni mimi binti yako anayekuheshimu,

Wanjiru